Kisimani, Mji Unaoliwa na Bahari

Anayetaka maghofu marefu ya kupiga picha na aende Kua, kisiwani Juani, ambako kuta bado zimesimama vichakani. Ras Kisimani, ncha ya magharibi ya Mafia, haina cha kujionyesha kwa mbali zaidi ya minazi na mchanga mweupe. Mimi naipenda zaidi.

Shuka chomboni maji yakiwa yamekupwa, hasa siku za bamvua, kisha tembea taratibu ukitazama chini. Hapa vipande vya msingi, matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Pale vigae vya vyungu, vingine vya udongo mwekundu, vingine vimepakwa rangi ya kung'aa ambayo chumvi haijaweza kuifuta. Huu ulikuwa mji. Habari za kale za Kilwa zinasema Ali bin al-Hassan, aliyeanzisha utawala wa Washirazi huko, alimweka mwanawe kuitawala Mafia. Mwanaakiolojia Neville Chittick alichimba hapa, na ripoti yake ikachapishwa mwaka 1961.

Ukiinua macho utaelewa kwa nini waliokaa hapa walipachagua. Ng'ambo ya mkondo ndiko Rufiji inakoingia baharini, na mikoko ya delta ile ndiyo iliyotoa boriti za kuezekea nyumba za mawe za pwani hii mpaka Uarabuni.

Wenyeji husimulia kwamba sultani wa Kisimani alimkata mkono mwashi wake mkuu ili asije akamjengea mwingine kasri kama lile. Haukupita muda, bahari ikapanda na kuumeza mji. Sijui kama kuna mwanajiolojia atakayeikubali sababu hiyo, lakini ukisimama pale wimbi linapong'oa jiwe, unamwonea huruma mwashi.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda majengo na vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, kwa hiyo kigae ulichokiokota kitazame, kigeuze, kirudishe. Bahari haijaisoma sheria hiyo, nayo kila msimu huchukua kidogo. Ndiyo maana nasema nenda sasa.

Ukienda kati ya Oktoba na Machi, huenda mkakutana na papa potwe njiani, karibu na mji wa Kilindoni. Mwambie nahodha azime mashine mmwangalie, ila msichelewe: maji yakijaa, Kisimani mtakuta ufuko mtupu.