Redio Moja, Vyumba Vitatu

Mke wangu alipopatwa na kiharusi, alichonung'unikia zaidi ni ukimya wa chumbani. Pensheni haikuruhusu redio ya pili. Nikanunua spika mbili kuukuu za omu 8, kama ile ya sebuleni, nikavuta waya kutoka kwenye amplifaya hadi chumbani na jikoni. Nilipoziunga zote tatu sambamba, ukinzani ukashuka chini ya omu 3. Amplifaya ikachemka, ikazimika. Na somo hilo nililifundisha chuo cha ualimu miaka mingi! Nikaziunga mbili hizo mfululizo, kisha sambamba na ya sebuleni: zaidi ya omu 5, salama. Sauti ya chumbani ni ndogo, lakini taarifa ya habari ya saa mbili usiku twaisikiliza pamoja, mimi nikipika, naye akiita, “Mwalimu, ongeza kidogo!”