Geji ya Siku Mbili

Mwaka jana niliponea chupuchupu kununua giaboksi nisiyoihitaji. Gari langu ni la mtumba kutoka Japani, la otomatiki, nalo lilikuwa limeanza tabia mbaya. Asubuhi lilikwenda vizuri, lakini likishapata moto, kwenye mwinuko wa kutoka Ipogolo kwenda Iringa mjini, injini iliunguruma kwa kishindo huku magurudumu yakikosa nguvu. Fundi wa kwanza aliliendesha hatua chache uwanjani kwake, akatoa hukumu: giaboksi imekufa. Fedha aliyoitaja ilikuwa sawa na mkopo wote niliochukua kwa ajili ya kuezeka nyumba.

Fundi wa pili, mzee mmoja mpole, hakutaka kusema neno kabla ya kupima. Giaboksi ya otomatiki hufanya kazi kwa oili inayosukumwa na pampu. Oili hiyo ndiyo inayobana sahani za klachi ili nguvu ya injini ifike kwenye magurudumu. Kanieneo ya oili ikipungua, sahani huteleza. (Yeye alisema presha; sikubishana naye.) Lakini sahani huteleza pia zikiwa zimelika zenyewe, hata oili ikiwa na nguvu zake zote. Dalili ni ile ile, ila gharama hazikaribiani.

Ubavuni mwa giaboksi mna tundu dogo lenye kizibo, lililowekwa na watengenezaji kwa ajili ya kupimia. Mzee alikifungua, akafunga mpira wa oili, akaupitisha mbali na bomba la moshi, maana oili ikimwagikia bomba lenye moto huweza kuwaka. Kisha akauingiza dirishani hadi kwenye geji ya pauni 300 kwa inchi ya mraba, aliyoifunga kwa kamba mbele ya kiti cha abiria. Gari likiwa baridi, mshale ulisimama pale pale kitabu cha gari kilipotaka. Nilikata tamaa: basi sahani zimekwisha!

"Bado, Mwalimu," akasema. "Tulipeleke kule linakougua."

Tukapanda Ipogolo mara tatu. Mara ya tatu mshale ulitetemeka, ukashuka. Tuliposimama juu alinitaka nikanyage breki, niingize D, kisha R. Kote mshale ulikuwa chini. Ungeshuka kwenye gia moja tu, alinieleza, angetafuta uvujaji katika njia ya gia ile. Kwa kuwa umeshuka kote, kasoro iko kabla njia hazijagawanyika: oili, chujio au pampu. Alifungua sampo, akakuta chujio limejaa uchafu mweusi. Chujio jipya na oili mpya viligusa sehemu ndogo tu ya mkopo wangu, na kesho yake mshale ulitulia hadi kileleni. Gari hushtuka kidogo bado linapobadili gia, nami nimelizoea.

Wiki ile ile nilikuwa nikikagua mazoezi ya kufundisha. Mwanachuo mmoja alinionyesha daftari la mtoto wa darasa la tatu: 47 + 38 = 715; 64 + 19 = 713. Pembeni alikuwa ameandika "mzito". Nami, naungama, siku kumi kabla nilikuwa nimelipitia daftari hilo na kutia saini yangu chini ya neno lile.

Nilimwomba aketi kando ya mtoto, asimfundishe, bali amtake atamke kila analolifanya wakati analifanya. Siku ya kwanza mtoto hakutoa sauti, kwa kuwa kalamu nyekundu ilikuwa mkononi mwa mwalimu. Kalamu ikafichwa. Tulianza na 23 + 14, na nyingine za namna hiyo, akazipata zote. Gari lilikuwa bado baridi. Tulipofika 47 + 38 alisema, "Saba na nane, kumi na tano. Naandika kumi na tano. Nne na tatu, saba." Hakuna alipokosea kujumlisha! Hakujua tu kwamba safu ya mamoja haipokei zaidi ya 9, na kwamba kumi lililozidi lina safu yake. Vijiti vilivyofungwa kumi kumi vilimtosha kwa vipindi viwili.

Mzee alipokuja kuondoa vyombo vyake, nilimsihi aniuzie ile geji niiache garini. Alicheka. "Mpira ukikaa humo utachakaa, Mwalimu, na siku moja utakuta oili yote imebaki barabarani." Akarudisha kizibo, akakaza, akapangusa. Kule shuleni, siku ya tatu, yule mtoto mwenyewe alimwomba mwalimu wake aondoke dawatini kwake.