Perege wa Mavyaa na Baridi ya Kibirichia



Ndugu wasomaji, sisi tunaowaandikia ni wake wa ndugu wawili. Waume zetu hununua viazi huku Kibirichia, katika Kaunti ya Meru, na kuvipeleka Mombasa kwa lori. Twaishi ua mmoja na twapika jiko moja, na tangu mwaka uliopita twaishi pia na mavyaa wetu, aliyehamia kwetu kutoka Lamu baada ya kumaliza eda ya mumewe. Mmoja wetu alilelewa Mambrui, mwengine Siyu. Baridi ilikuwa neno tulilolisikia tu kwa wasafiri.

Jamaa zetu wa pwani hawasadiki tukiwaambia kuwa ikweta yapita karibu na mlango wetu na bado twalala na mablanketi matatu. Sababu ni mlima. Mlima Kenya, ambao majirani zetu Wameru huuita Kirimaara, umetukalia kisogoni, na kuanzia Juni hadi Agosti, wakati nyinyi mnalalamikia upepo wa kusi, sisi huamka alfajiri tukiziona pumzi zetu zikitoka kama moshi wa chetezo. Viazi, kabichi na karoti huipenda hali hii. Mavyaa hakuipenda.

Jambo lililotutia wasiwasi zaidi ya baridi lilikuwa chakula chake. Wachinjaji Waislamu tuwaaminio wako mjini Meru au kule chini Isiolo, na nyama haiji kila wiki. Mavyaa ni binti wa mvuvi. Kwake yeye siku isiyo na samaki ni siku ya safari. Tulimletea papa mkavu na ng'onda kutoka Mombasa kila lori liliporudi, akala mwezi wa kwanza, kisha akaanza kuisukuma sahani. Akakonda. Akaanza kusema, kwa ile sauti ya upole inayoumiza kuliko ukali, kwamba pengine arudi Lamu, ingawa twajua sote kuwa nyumba ile imebaki na kufuli mlangoni na hakuna wa kumshika mkono usiku.

Samaki hahitaji kuchinjwa, na kwa familia iliyo peke yake mlimani hiyo ni rehema kubwa. Basi tukaamua kufuga perege.

Bwawa lilichimbwa nyuma ya jiko: urefu mita 5, upana mita 4, kina mita 1, likatandikwa nailoni nzito nyeusi. Waume zetu walicheka, na majirani nao walitikisa vichwa, wala hawakukosa sababu. Mwaka 2009 serikali ilipoanzisha mpango wa kuchochea uchumi, ilikusudia kuchimba mabwawa 200 katika kila jimbo kati ya majimbo 140, kila bwawa mita za mraba 300, na kutia vifaranga 1,000 ndani yake. Mahali pengi samaki walistawi. Lakini perege ni kiumbe wa maji ya uvuguvugu. Hukua vizuri maji yakiwa kati ya nyuzi joto 25 na 30. Chini ya nyuzi 20 huacha kuzaana, jambo ambalo kwa bwawa dogo lina faida yake, maana halijai vitoto. Yakishuka hadi 16 hivi, huacha kula. Yakifika 11 au 10, hufa. Wapo jamaa zake katika Ziwa Magadi wanaoishi kwenye maji ya moto ya zaidi ya nyuzi 40.

Jirani mmoja alitushauri tufuge trauti, samaki wa mito ya mlimani. Samaki huyo aliletwa na wakoloni. Mayai yake yalitoka Scotland mwaka 1905 na kutiwa Mto Gura, upande wa Aberdare. Ushauri ulikuwa mwema, lakini trauti ataka maji yatiririkayo mchana na usiku, safi na baridi, na sisi tuna bomba linalotoka kwa zamu. Mume wa mmoja wetu naye akapendekeza hita ya umeme. Tulipiga hesabu mezani, mbele yake. Bwawa letu lina lita 20,000. Kuliongezea nyuzi 1 tu kwahitaji uniti 23 za umeme. Nyuzi 5 ni zaidi ya uniti 115, na usiku mmoja waweza kuziondoa zote. Akanyamaza, akaenda kupakia viazi.

Joto la bure ni la jua, na huku mlimani jua la mchana ni kali. Shida ni kulizuia lisitoroke usiku. Hapa tulisaidiwa na kitu ambacho kila mwanamke wa pwani akijua: mtungi. Kwa nini maji ya mtungi huwa baridi hata Machi? Kwa sababu mtungi hutoka jasho, na jasho likikauka huondoka na joto. Bwawa lililo wazi ni mtungi mkubwa. Lita 1 ya maji ikigeuka mvuke huchukua joto linalotosha kupoza lita zaidi ya 500 kwa nyuzi 1. Upepo ukivuma, mvuke huzidi. Mbingu ikiwa haina mawingu, joto hupanda juu moja kwa moja. Kwa hiyo yeyote anayetaka maji yabaki na joto, kazi yake ya kwanza si kuyapasha. Ni kuyafunika.

Tulinunua nailoni ya grinihausi, aina ile ifunikayo mashamba ya maua kule Timau, tukaitandaza juu ya matao ya mianzi. Mchana hupitisha jua, usiku huzuia mvuke. Upande utokako upepo tulipanda napia mbili safu, nene kama ukuta. Maji ya bomba, ambayo hushuka mlimani yakiwa ya kuganza vidole, hatuyatii bwawani moja kwa moja. Hulala kwanza siku mbili katika tangi jeusi juani. Chakula huwapa saa sita au saa saba mchana, maji yanapokuwa yamepata joto, na siku ya ukungu hatuwapi kabisa, kwa kuwa samaki mwenye baridi hasagi chakula, na kisicholiwa huoza chini. Tuliacha pia mbolea ya kuku ambayo wafugaji wengi hutia bwawani ili kuotesha mimea midogomidogo ya kijani. Wanazuoni wetu wamezungumza kwa urefu juu ya mnyama alaye najisi, nasi tukaona moyo wa mavyaa utulie zaidi kwa pumba, soya na dagaa za kusagwa.

Vifaranga 60 viliingia Februari, kadiri ya 3 kwa kila mita ya mraba. Mdiria alituibia kadhaa wiki za mwanzo. Kisha ikaja Julai.

Mwezi ule tuligawana zamu kama wauguzi. Baada ya alasiri mmoja wetu huteremsha nailoni na kukandamiza kingo kwa mawe. Baada ya jua kupanda, mwengine huifungua. Kipimajoto kilikaa kwenye uzi. Asubuhi moja kabla ya kufunika vizuri kwa usiku mzima tulisoma nyuzi 16 kwenye maji, na perege wote walikuwa wamelala chini, hawageuki hata kivuli kikipita. Siku zilizofuata, chini ya nailoni, asubuhi haikushuka chini ya 19, na adhuhuri ilifika 24. Si maji ya Ziwa Viktoria, lakini yalitosha.

Mavyaa hakuwahi kutuuliza habari za bwawa. Lakini alfajiri moja, baada ya sala, alitoka na shali lake akaenda kuchungulia, akarudi na kutuita kwa sauti ambayo hatukuisikia tangu aje: "Wanangu, samaki wanatweta!" Walikuwa wote juu, vinywa wazi. Alikuwa ameyaona hayo utotoni, katika vidimbwi vya maji kupwa ambamo samaki hubaki wamenaswa. Maji yale yale yaliyofungiwa joto huwa yamefungiwa pumzi pia, na mimea ya kijani usiku hushindana na samaki kuvuta hewa. Akaamuru upande mmoja wa nailoni uinuliwe kiasi cha shubiri, usio wa upepo, na tuchote maji kwa ndoo na kuyamwaga kutoka juu ili yachanganyike na hewa. Tulifanya hivyo hadi jua likatoka. Walikufa wawili tu. Tangu siku hiyo shubiri ile ya uwazi ni amri yake, na huipima mwenyewe kwa kiganja kila jioni.

Mwisho wa Septemba tulitoa perege wa kwanza. Tuliwaweka siku tatu katika pipa la maji safi ili ladha ya tope iwatoke. Wakapikwa kwa nazi na ukwaju, kama apendavyo. Mavyaa alichambua miba ya wa kwanza bila kusema neno, akamla wote, akasema kuwa nyama yake ni laini mno, haina chumvi ya baharini, na kwamba samaki wa maji baridi hatamfikia changu hata siku moja. Kisha akaomba wa pili.

Walibaki 51 kwa hesabu yetu. Habari za kurudi Lamu hazijasikika tena tangu Oktoba, ingawa hatujathubutu kuzitaja sisi. Sasa anataka vifaranga vipya viingie Septemba kila mwaka, ili wawe wamekua na kuvuliwa kabla ya Juni, na waume zetu wamepewa agizo la kuleta ukwaju kilo mbili kila lori lirudipo kutoka Mombasa.