Tope la Mji na Mbolea ya Shamba: Safari ya Beltsville

Mtu akiondoka Washington, mji mkuu wa Marekani, akashika njia ya kaskazini-mashariki kwa maili 12 hivi, atafika Beltsville katika jimbo la Maryland. Hapo pana mashamba makubwa ya Serikali, yaliyoanzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya kujaribia mimea na mifugo. Lakini habari ninayowaletea wasomaji leo si ya ng'ombe wala ya mahindi. Ni habari ya uchafu wa mji.

Maji machafu ya Washington hukusanywa Blue Plains, ukingoni mwa mto Potomac. Maji husafishwa yakarudi mtoni, na chini hubaki tope zito. Tope hilo lina chakula kingi cha mimea, lakini pia limebeba kila kilichomwagwa katika mabomba: sabuni ya unga, mafuta ya magari na madawa ya viwandani. Katika miaka ya 1970 mji huo ulitaabika kutafuta mahali pa kulipeleka, na wataalamu wa Beltsville wakajaribu kuligeuza kuwa mboji.

Kwanza walilipanga katika matuta marefu na kuyapindua kwa mashine. Tope bichi likanuka mno. Basi wakabuni njia nyingine. Walitandaza mabomba yenye matundu chini, wakachanganya madebe 2 ya vibanzi vya miti kwa kila debe 1 la tope, wakafanya chungu, na juu yake wakafunika mboji iliyokwisha kuiva, mfano wa blanketi. Mashine ilivuta hewa ipite ndani ya chungu, kisha hewa hiyo ikapitishwa katika chungu kidogo cha mboji kuukuu ili harufu ibaki humo. Joto lilipanda kupita digrii 55 za sentigredi. Baada ya siku 21 chungu kilibomolewa, na mboji ikaachwa siku 30 zaidi ipate kuiva.

Je, madawa huenda wapi? Huliwa. Vijidudu visivyoonekana kwa macho huyavunja na kuyafanya chakula, mradi vipate hewa, maji na vitu vya kuoza. Dawa ya kutoa povu iliyo katika sabuni ya unga ni mfano mzuri: katika matangi yasiyo na hewa hukaa muda mrefu bila kuharibika, bali ikipata hewa huliwa upesi. Madawa ya kulainisha plastiki na masizi ya mafuta huchelewa zaidi. Tena joto kali huua minyoo na magonjwa, lakini vijidudu vingi pia hukimbia joto hilo, na kuvu hurudi kazini chungu kinapopoa. Kwa hiyo zile siku 30 si za kupoteza wakati.

Hata hivyo, mkulima asidanganyike kwamba mboji husafisha kila kitu. Mchuzi ukichemka sana maji hupungua, chumvi haipungui. Ndivyo ilivyo kwa risasi, zinki na kadimi: chungu husinyaa, madini hayo hubaki, na kila debe huwa na sehemu kubwa zaidi kuliko mwanzo. Mboga za majani hupenda kunyonya kadimi. Yako pia madawa yanayotiwa katika nguo na vyombo ili visishike maji wala mafuta. Hayo nayo hayavunjwi na mboji. Kwa sababu yake, mwaka 2022 jimbo la Maine, huko huko Marekani, lilipiga marufuku kutia mashambani tope la maji machafu, pamoja na mboji iliyotengenezwa kwalo.

Nasi tuna jambo la kufikiri. Maji machafu ya Nairobi huingia katika mabwawa ya Ruai, na tope la mabwawa hukaa chini pasipo hewa. Mkulima akiletewa tope la namna hiyo, lenye rangi nyeusi ya kupendeza na bei nafuu, yafaa aulize mambo matatu kabla ya kulitia katika sukuma wiki yake. Je, limetoka kwa watu majumbani tu, au na viwandani? Limepata hewa na joto kwa siku ngapi, na kuachwa liive siku ngapi? Na madini yake yamepimwa na nani? Akikosa jibu la swali la tatu, heri anunue samadi ya ng'ombe kwa jirani.