Garissa Hufurika Jua Likiwaka

Kuna kitu sisi wa Nairobi tunachelewa kukielewa kuhusu Mto Tana: Garissa inaweza kufurika na jua linawaka. Mvua imenyesha Aberdare na Mlima Kenya, huko juu mbali, ikashuka na kujaza mabwawa matano yaliyopangana: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma, Kiambere. Yakishajaa, maji yanateremkia walio chini. Mjomba wangu ana migomba karibu na Hola. Yeye haangalii mawingu. Anaangalia rangi ya maji.

Mimi naandika programu, na siku hizi nachezea modeli za mazingira. Modeli si maajabu. Ni hesabu inayoiga kitu cha dunia: unaipa mvua, inakuambia maji mangapi yatafika mtoni. Shida ni kwamba hakuna modeli inayojua kila kitu. Mmoja ametengeneza ya mvua, mwingine ya udongo, mwingine ya bwawa, mwingine ya jinsi maji yanavyotambaa kwenye tambarare. Na kila mmoja amejifungia na yake. Huyu anapima kwa milimita kwa siku, yule kwa mita za ujazo kwa sekunde. Huyu anatumia saa ya kimataifa, yule saa yetu iliyo saa tatu mbele. Mto ni mmoja, lakini kwenye kompyuta umekatwa vipande kama muwa.

Dawa yake ina jina la kuchosha: huduma za mtandaoni. Lakini wazo ni la kibandani. Ukitaka chapati, huombi jiko wala unga. Unaagiza dirishani, unapewa chapati. Vivyo hivyo, modeli inabaki kwenye seva ya mwenyewe, anaitunza, anairekebisha, na programu yangu inaagiza majibu kupitia intaneti. Jibu la modeli ya mvua linakuwa agizo kwa modeli ya mto, la mto linakuwa agizo kwa ya mafuriko. Mnyororo.

Ili dirisha lieleweke na kila mtu, lazima tukubaliane jinsi ya kuagiza. Mwaka 2007 shirika la Open Geospatial Consortium lilitoa kanuni zenye hatua tatu tu: Unafanya nini? Unahitaji nini? Haya, fanya. Karibu ni adabu ya kawaida ya kugonga mlango.

Na si ndoto. Mfumo wa Ulaya uitwao GloFAS unachukua utabiri wa hali ya hewa, matoleo 51 yanayotofautiana kidogo kidogo, na kuyapitisha kwenye modeli ya mito ya dunia nzima. Tana imo. Mtu yeyote anaweza kufungua, bure. Ila hesabu ya dunia nzima haiwezi kujua kile mtu wa zamu bwawani ataamua leo. Hiyo ni habari yetu wenyewe, na hapo ndipo mnyororo unapokatika.

Aprili 2024 maji yalikata barabara ya Garissa pale Madogo. Boti iliyokuwa ikivusha watu ilipinduka, na watu wakafa. Wiki hiyo nilimpigia mjomba nikamsomea uwezekano wa mto kupanda, kwa asilimia. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Mwanangu, hizo asilimia nitazifanyia nini? Niambie nihamishe mbuzi lini."

Swali lake ndilo kipimo changu sasa. Kumjibu kunahitaji mvua ya juu, kiwango cha Masinga, mwendo wa maji hadi Hola, na urefu wa kingo za shamba lake. Vyote vinaweza kupatikana, lakini kila kimoja kiko kwa mwenyewe.

Kuunganisha kuna hatari zake, tusidanganyane. Modeli ya mvua ikizidisha, zinazofuata zinarithi kosa hilo na kulisema kwa sauti ya uhakika. Kwa hiyo kila dirisha litoe jibu pamoja na shaka yake. Tena mradi ukiishiwa pesa, seva inazimwa, na wote waliokuwa wanaitegemea wanabaki na ukurasa mtupu. Ndiyo maana sitaki hii iwe kazi ya wafadhili au ya wasee kama mimi wanaokesha na laptopu. Kiwango cha bwawa la umma kinapaswa kutolewa kila siku, kwa namna ambayo programu ya mtu yeyote inaweza kusoma, kama vile tunavyotarajia taa za barabarani ziwake.

Mjomba alihamisha mbuzi siku mbili baadaye, kwa kuangalia rangi ya maji. Migomba ilibaki pale pale, maana migomba haihamishiki. Angeambiwa wiki moja mapema, angalau angevuna ndizi zilizokuwa zimekomaa.