Lamu: Mji wa Chokaa Katika Zama za Saruji

Anayekwenda Lamu kwa njia ya nchi kavu huachana na gari Mokowe. Hapo bara hukoma, na kila kitu, tangu maharusi hadi magunia ya vitunguu, huteremshwa gatini na kupakiwa chomboni. Gati hilo tumelipita mara nyingi, na katika miaka hii ya karibuni macho yetu yamekuwa yakivutwa na shehena moja, nayo ni mifuko ya saruji. Hutoka kwenye lori ikaingia mashuani, hushushwa ng'ambo, kisha hupandishwa juu ya punda, kwa kuwa vichochoro vya mji wa kale havipitishi gari. Kila mkono unaoushika mfuko una ujira wake. Kwa hivyo mfuko unapofika mlangoni mwa mjenzi wa Lamu, bei yake si ile aliyotajiwa Mombasa, na aghalabu mwenye nyumba hajui ni hatua gani ya safari hiyo iliyomgharimu zaidi.

Ajabu ni kuwa shehena hiyo inaingia katika mji uliosimama kwa karne nyingi bila ya saruji. Lamu ilijengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na miti ya mikoko. Ngome yake, iliyoanza kujengwa mwaka 1813 na kukamilika 1821, ni ya vitu hivyo hivyo, na ni kwa sababu ya majumba ya namna hiyo mji huu ulitiwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001.

Wasomaji wetu waliozaliwa katika nyumba hizo wanazijua vyema kuliko sisi, lakini wengi wa vijana wetu wa Mombasa na Malindi hawajawahi kulala ndani yake, basi na tuwaeleze kidogo. Ukitoka njiani hukutana kwanza na daka lenye baraza mbili za mawe, ambapo mgeni huketishwa bila ya kuingia ndani. Ukipita ukumbi mdogo uliopinda, ili jicho la mpita njia lisifike mbali, unatokea kiwandani, yaani ua ulio wazi juu. Kisha zinafuata kumbi ndefu nyembamba, moja nyuma ya nyingine, kila moja ikiwa ya faragha zaidi kuliko iliyotangulia, hadi kufika ndani kabisa, penye ukuta wa zidaka za chokaa iliyonakshiwa. Wengi hudhani wembamba wa kumbi hizo ni mtindo tu. Sababu yake ni boriti. Dari ya mawe na chokaa ni nzito, na gogo la mkoko haliwezi kuibeba likiachwa wazi zaidi ya kiasi cha mita tatu. Hivyo msitu wa pwani ndio uliopima upana wa sebule ya Mswahili.

Kuta zina unene wa karibu nusu mita. Jiwe la matumbawe lina vitundu vingi, na ukuta mnene wa jiwe hilo hupokea joto la mchana polepole; linapokaribia kupenya, jua limekwisha kutua. Hewa yenye joto hupanda na kutoka kiwandani, na vichochoro vyembamba hutiliana kivuli. Linganisha na nyumba inayojengwa leo nyuma ya mji, ukuta wa tofali moja la saruji na bati juu yake. Saa nane ya mchana, wakati wa kaskazi, nyumba hiyo ni tanuri, na anayeokwa humo ni mama aliye jikoni na mtoto mchanga aliyelazwa kitandani. Baba yuko kazini au barazani. Hesabu ya fundi haina mstari wa feni inayozunguka usiku kucha, wala wa tokeni za stima zinazonunuliwa kila wiki kwa muda wa miaka thelathini.

Hata hivyo hatupendi kuyasifu ya kale kupita kiasi. Nyumba za mawe zilikuwa za wenye uwezo; wengi wa watu wa Lamu waliishi katika nyumba za udongo na makuti, na katika hizo za mawe, nyingi zilijengwa kwa jasho la watumwa. Chokaa nayo ina deni lake. Ili kuipata, mafundi hupanga magogo kuwa chungu kubwa, huweka mawe ya matumbawe juu yake, kisha huwasha moto. Mawe yaliyoiva humwagiwa maji yakapasuka kuwa unga, na chokaa hiyo huachwa muda mrefu ikae ipoe kabla ya kutumika. Kuni za tanuri moja ni nyingi mno, na zilikuwa za mikoko. Lau kila nyumba mpya ya pwani ingetaka chokaa kwa njia hiyo, misitu isingesalia.

Mikoko hiyo ndiyo habari kubwa ya Lamu. Zaidi ya nusu ya misitu ya mikoko ya Kenya iko katika kaunti hiyo moja. Wakataji wana jina kwa kila unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Kwa vizazi vingi majahazi yaliyokuja na kaskazi yalirudi na kusi yakiwa yamesheheni boriti za kuezekea nyumba za Arabuni na Ghuba, ambako miti ni adimu. Utajiri wa mafuta ulipowaletea watu wa huko chuma na zege, soko hilo likafifia, na mwaka 1982 serikali ya Kenya ikapiga marufuku kupeleka mikoko nje ya nchi. Februari 2018 likaja katazo jingine, la kukata miti katika misitu yote ya umma, na wakataji wa Lamu wakajikuta ndani yake pamoja na wapasuaji mbao wa milimani, ingawa msitu wao una maisha yake mbali. Baadaye waliregeshewa ruhusa kwa leseni. Katika kipindi hicho ziko nyumba ambazo chakula kilipungua. Na hilo tunalisema kwa sababu wanaotetea mazingira aghalabu husahau kuuliza nani analipa. Na wanaokata nao wasisahau kwamba kamba na samaki wengi hukulia baina ya mizizi ya mikoko, na kwamba mke wa mkataji mara nyingi ndiye muuza samaki.

Mawe hutoka ng'ambo ya mkono wa bahari, katika kisiwa cha Manda, kijiji cha Maweni. Jina lenyewe linatosha. Tulivuka siku moja kwenda kutazama matimbo yake. Vijana walikuwa shimoni wakipasua kwa nyundo na mitaimbo, na pembezoni, chini ya vivuli vya makuti, akina mama waligonga kokoto, debe baada ya debe, huku watoto wakicheza kando yao. Manda ina uhaba wa maji matamu, na vumbi la mawe halina pa kwenda ila kifuani. Tulipouliza kazi inaendaje, mama mmoja mtu mzima alitujibu: "Sheikhe, mawe hayaishi. Kinachoisha ni mikono." Kokoto zake huenda kuchanganywa na saruji, kwa hivyo hata yeye, aliye katika kijiji cha jiwe la kale, anaishi kwa ujenzi mpya.

Na saruji yenyewe ni nini, kama si jiwe lile lile la matumbawe? Kiwanda cha Bamburi, kaskazini ya Mombasa, kilianza kazi mwaka 1954, na malighafi yake ni miamba ya kale ya matumbawe iliyo chini ya ardhi yetu. Jiwe husagwa pamoja na udongo, huchomwa kwa moto wa kiasi cha nyuzi 1,450, na hutoka vigoroto vigumu viitwavyo klinka, ambavyo husagwa tena kuwa saruji. Moto huo, pamoja na hewa ya kaboni inayotoka ndani ya jiwe lenyewe linapoiva, huifanya saruji ibebe karibu asilimia 8 ya hewa ya kaboni inayotokana na kazi za wanadamu duniani. Sehemu kubwa zaidi ni ya jiwe, si ya kuni wala makaa. Kwa hivyo hata kiwanda kikipata moto safi kabisa, deni halimaliziki. Chokaa nayo hutoa hewa hiyo inapochomwa, ila hurudisha fungu lake kubwa ukutani inapokauka mwaka baada ya mwaka.

Hapo Bamburi, tuseme haki, pana jambo la kupendeza pia. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda mivinje katika machimbo yaliyoachwa yakiwa jangwa la mawe. Majani ya mvinje hayakuoza, mpaka alipoleta majongoo wakayala na kuyafanya mbolea. Leo watoto wetu wa madrasa hupelekwa matembezini humo kutazama viboko na twiga, wasijue kwamba wanatembea chini ya timbo.

Bei ya saruji haifuati jiwe peke yake. Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 iliweka ushuru wa asilimia 17.5 kwa klinka inayoagizwa kutoka nje, ili kulinda viwanda vinavyoichoma nchini. Desemba 2024 Bamburi ikaingia mikononi mwa kampuni ya Kitanzania, Amsons. Mambo hayo huamuliwa mbali na mnunuzi wa mifuko kumi, lakini humfikia. Akiba yake haipatikani katika siasa hizo, hupatikana katika kusoma mfuko. Ulioandikwa 32.5 unatosha kwa kujengea ukuta na kupigia plasta, na mwingi wa saruji hiyo hapa Kenya huchanganywa na majivu ya volkano, hivyo hutumia klinka kidogo zaidi. Ulioandikwa 42.5 ni wa nguzo, mihimili na dari. Wapo mafundi wanaotumia mmoja kwa kila kazi, ama kwa uvivu ama kwa maslahi, na mama anayesimamia ujenzi wakati mume yuko Maskati ana haki ya kuuliza.

Mchanga nao ni fitina. Nyuma ya Shela kuna vilima vya mchanga mweupe, ambavyo wageni huvipiga picha. Mvua inyeshapo, vilima hivyo huyanywa maji na kuyahifadhi chini, na visima vya hapo ndivyo vinavyounywesha mji wa Lamu. Kila nyumba ya kifahari inayopandishwa juu yake, na kila shehena ya mchanga inayochotwa, inakatwa katika mtungi wa maji wa mji mzima. Na anayechota mchanga wa ufukweni kwa kuwa ni wa bure hujinunulia msiba: chumvi yake hula vyuma ndani ya zege, na baada ya miaka michache dari hupasuka na kuanza kudondoka.

Wanaonunua majumba ya kale ya Lamu na Shela siku hizi, wengi wao ni watu wa Ulaya. Wakishanunua, hubandua saruji, hutafuta fundi mzee, humlipa vizuri awapakie chokaa kama ya zamani. Sisi wenyewe twaona chokaa ni ufukara. Baba akifa, nyumba hurithiwa na watoto wanane, kila mmoja fungu lake halimtoshi hata kuezeka chumba, na mnunuzi yuko barazani anangoja. Hatuwalaumu wanaouza, njaa na ada za shule hazingojei. Twasema tu kwamba ujuzi wa fundi wa chokaa sasa unalishwa na mgeni, na siku mgeni akiondoka hatujui nani atamlipa.

Mkomani tuliingia nyumba ya bibi mmoja mjane, tuliyemjua tangu mumewe yu hai. Miaka mingi nyuma, wanawe walimpigia kuta plasta ya saruji ili zipendeze kwa harusi. Sasa plasta inabanduka mapande mapande, na chini yake jiwe limelowa na kutoa unga wa chumvi. Fundi tuliyekwenda naye aliligusa kwa kidole. Alieleza kuwa ukuta wa matumbawe huvuta unyevu kutoka ardhini na hutaka kuupumua nje. Chokaa humpisha, saruji humziba, na maji yasiyopata njia hula ukuta kwa ndani. Boriti mbili za dari, pale zinapoingia ukutani, zilikuwa zimeanza kuoza.

Wanawe wawili wako Mombasa, mmoja yuko Ghuba, na wote wamekwisha kupokea simu za wanunuzi. Bibi hakutaka kutuzungumzia hilo. Alimuuliza fundi gharama ya kubandua nyumba nzima, akaisikia, akanyamaza. Kisha akauliza ya ukuta mmoja, ule wa ndani wenye zidaka. Fundi akampimia kwa hatua, akahesabu madebe ya chokaa na boriti mbili mpya, akamwambia kazi ifanywe kabla ya masika, kwa kuwa chokaa ikinyeshewa haijashika huoshwa yote. Wakakubaliana nusu sasa, nusu baada ya Ramadhani, na kesho yake asubuhi punda wawili waliobeba chokaa walikuwa wamefungwa nje ya daka.