Usukani Mzito Kwenye Mlima wa Ibaba

Wengi wetu akina mama siku hizi tunaendesha magari, lakini tukiambiwa tufungue boneti tunamwita baba watoto. Nami nilikuwa hivyo hivyo, hadi mwezi Machi tulipokwenda Ibaba.

Ibaba ni kata ya Wilaya ya Ileje, katika Mkoa wa Songwe uliozaliwa mwaka 2016 baada ya Mkoa wa Mbeya kugawanywa. Tulitoka Tunduma asubuhi, tukayapita malori yaliyokuwa yakisubiri zamu ya kuvuka kwenda Zambia, tukashika njia ya Mbeya hadi Mpemba, kisha tukakata kulia. Lami ilitufikisha vizuri hadi Isongole, mpakani na Malawi, na Itumba yaliko makao makuu ya wilaya. Kutoka hapo tulianza kupanda kwa barabara ya udongo, na masika yalikuwa yamekolea.

Tulikuwa akina mama wanne katika Land Cruiser ya zamani ya kanisa letu, mimi nikiwa dereva. Nyuma tulipakia sabuni, nguo za watoto na mizani ya kupimia watoto uzito. Kadiri tulivyopanda ndivyo ukungu ulivyozidi. Ibaba ni nchi ya baridi. Unakuta viazi mviringo vimepandwa kwenye miteremko ambayo mtu wa Tunduma angeogopa hata kuitembea kwa miguu, na akina mama wa Kindali na Kimalila wanapalilia humo huku watoto wakiwa mgongoni.

Basi, katika kila kona usukani ulikuwa unalia, mlio mwembamba kama wa mbwa anayelalamika mlangoni. Ulikuwa umeanza siku ya Jumatano. Nisiwafiche: tulipoanza kuimba njiani nilifurahi, kwa sababu sikuusikia tena.

Tulipofika nilitaka kuligeuza gari litazame chini, usukani ukagoma. Niliuvuta kwa mikono miwili hadi mabega yakauma. Nikaliacha gari hapo hapo, nikasema tutaona baadaye, tukaenda kupima watoto.

Saa tisa hivi aliletwa mtoto wa miezi tisa. Alikuwa amekwisha kupewa dawa, lakini nilipomfunua nguo nikaona kifua kinabonyea chini ya mbavu kila anapovuta pumzi. Nilihesabu pumzi kwa dakika nzima nikapata 64. Kwa mtoto wa umri ule, kuanzia 50 tayari ni hatari. Huyu alihitaji oksijeni, na oksijeni ilikuwa Itumba. Gari la wagonjwa lilikuwa limeshuka na mama mwenye uchungu wa kujifungua. Lililobaki lilikuwa letu, lenye usukani uliokufa, na mbele yetu mteremko wenye utelezi.

Jirani na hapo palikuwa na Fuso inapakia viazi. Dereva wake, kijana wa makamo ya mwanangu wa kwanza, alikuwa ameniona nikihangaika.

“Shikamoo mama. Stelingi inakusumbua?”

“Marahaba mwanangu. Imekuwa nzito kama jiwe.”

“Ilikuwa inalia?”

“Tangu Jumatano.”

Hakusema neno. Alinitazama tu, vile ninavyomtazama mama aliyeniletea mtoto siku ya tano ya homa.

Akanieleza huku akifanya kazi. Usukani wa gari la namna hii unasaidiwa na mafuta. Pampu inayozungushwa na injini huyasukuma kwa nguvu ili yasaidie mikono yako kugeuza matairi, kisha hurudi kwenye kichupa chake, yakaanza tena mzunguko. Yakipungua, pampu inavuta hewa, na ndiyo inayolia. Usukani haujakatika, bado unageuza matairi, ila nguvu yote inatoka mikononi mwako. Nilipumua kidogo niliposikia hilo.

Alizima injini. Gari lilikuwa mahali tambarare, akasema hiyo ni bahati, maana kwenye mteremko kipimo kinadanganya. Akafuta mfuniko kwanza ili mchanga usidondoke ndani, akaufungua. Chini ya mfuniko kuna kijiti chenye alama mbili, moja ya injini ikiwa baridi na moja ikiwa moto, nayo imeandikwa HOT. Akakipangusa, akakirudisha, akakitoa tena. Kilikuwa kikavu.

Kijana mmoja wa pikipiki akaja mbio na kichupa cha mafuta ya breki. Alikuwa na nia njema kabisa. Dereva akamzuia: mafuta ya breki yanaharibu mipira iliyomo ndani ya mfumo wa usukani, na ukishayachanganya umejinunulia hasara kubwa. Yeye alikuwa na lita moja ya ATF, mafuta mekundu kama sharubati, na alijua kwamba ndiyo yanayotumika kwenye gari kama letu.

Alimimina kidogo kidogo. Nikawasha injini, nikageuza usukani taratibu kushoto na kulia mara kadhaa, bila kuushikilia mwisho wa kona, ili hewa itoke. Tukazima, tukaangalia, mafuta yalikuwa na povu na yameshuka. Tukangoja povu litulie, tukaongeza. Hakupita alama ya juu, kwani mafuta yakipata moto hutanuka, na yakizidi yanamwagikia injini.

Nilitaka kushukuru niondoke. Akaniuliza, “Mama, haya mafuta yalikwenda wapi?”

Swali hilo lilinichoma. Mara mbili kule Tunduma nilikuwa nimelipia kuongezewa mafuta hayo hayo, nikaondoka nikiona kazi imekwisha. Mimi, muuguzi wa miaka zaidi ya ishirini! Mgonjwa akipungukiwa damu hatumwongezei tu tukamrudisha nyumbani, tunatafuta inapotokea. Mafuta ya usukani hayaungui kama petroli. Yakipungua, yanavuja mahali. Alipapasa mipira ya kupitishia mafuta, akatoa mkono umelowa: mpira wa kurudishia ulikuwa unavuja kwenye kishikizo chake. Alikikaza kwa bisibisi, akanipa mafuta yaliyobaki chupani na kuniagiza nisimame katikati ya mteremko nipime tena. Pesa alikataa, akapokea maandazi.

Tulishuka kwa gia nzito. Mama wa mtoto alikaa mbele akiwa amempakata wima, na sauti pekee niliyotaka kuisikia ilikuwa ile pumzi. Katikati ya njia nilisimama, nikafungua boneti mwenyewe kwenye mvua, tochi mdomoni. Yalikuwa yameshuka upana wa ukucha. Nikaongeza. Tulifika Itumba giza limeingia, na mtoto akawekewa oksijeni.

Siku hizi napima kila mwisho wa mwezi, na kabla ya kila safari ndefu. Kichupa cha magari mengine ni cha plastiki inayopitisha mwanga, chenye alama za MIN na MAX ubavuni, huhitaji hata kufungua. Nainamisha kichwa hadi macho yawe sawa na mafuta, kama tunavyosoma dawa ya maji kwenye kikombe cha vipimo. Natazama na rangi: yakiwa meusi yenye harufu ya kuungua, ni fundi. Si kila gari linatumia ATF, kwa hiyo tazama kitabu cha gari lako au maandishi ya kwenye mfuniko. Na mwenye Passo asihangaike kukitafuta kichupa hicho, usukani wa gari hilo unasaidiwa na umeme.

Fundi wa Tunduma alibadilisha ule mpira. Ulikuwa na ufa mwembamba, hauonekani mpaka uukunje.

Mei tulipanda tena Ibaba. Yule mama alikuwa shambani, akaweka jembe chini akaja na mwanawe mgongoni, amenenepa, anang’ang’ania nywele zangu. Tukasalimiana. Kisha akalitazama gari, akaniuliza, “Na usukani, je, umepona?”